Zahanati Mpya Ikija, Ulizeni Kwanza Shimo Lake

Wakulima wa Machakos wakisikia kwamba zahanati itajengwa karibu nao hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Mama mwenye uchungu hatapanda tena pikipiki usiku katika njia ya mawe. Mtoto mwenye homa atapimwa malaria asubuhi na kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo katika baraza la kwanza watu hupiga makofi, na mazungumzo yote huwa juu ya jengo: litakuwa na vyumba vingapi, mabati yatakuwa ya rangi gani, na nani atapewa kazi ya ulinzi. Ni mara chache mtu kusimama akauliza: "Je, sindano zilizokwisha tumiwa zitawekwa wapi, na maji machafu yatatelemkia shamba la nani?"

Swali hilo ndilo tutakalolizungumza mwezi huu. Zahanati ni mahali pa kuponya, lakini kila siku ya kazi hutoa vitu viwezavyo kudhuru: sindano, pamba zenye damu, kondo la nyuma la kila mama aliyejifungua, dawa zilizopitwa na wakati, na maji ya kuoshea vyombo. Vitu hivyo vikitunzwa vizuri hakuna neno. Visipotunzwa, mvua ya Novemba huviteremsha mpaka katika kisima cha mchangani ambamo kijiji kizima huchota.

TUMEYAONA HAYA ZAMANI

Jambo hili si geni Ukambani. Wale waliopewa mashamba katika makazi ya Makueni baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Makueni ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, walijua kwamba kazi ile haikuanza kwa jembe. Ilianza kwa panga. Mbung'o walijaa vichakani, wakawaua ng'ombe kwa nagana, basi ikabidi vichaka vifyekwe ili mbung'o wakose kivuli. Lakini ardhi iliyofyekwa huchukuliwa na mvua. Kwa hiyo wenye mashamba mapya walitakiwa kuchimba matuta, kutia samadi, na kutozidisha mifugo. Dawa ya hatari moja ilizaa hatari ya pili, na hatari ya pili ikawekewa dawa yake mapema. Hivyo ndivyo kazi ya afya ipasavyo kupangwa.

Uko pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Machakos ulikuwa ukimalizika, na katika hilo haikukosea. Lakini ilitaka kuwauzia watu ng'ombe wao kwa lazima, bila kusikiliza neno la wenye ng'ombe. Mwezi wa Julai mwaka huo Wakamba wengi, waume kwa wake na watoto, walikwenda Nairobi wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu. Mwishowe amri ya kuuza kwa lazima iliachwa, na udongo ukaendelea kwenda na maji. Ni katika miaka ya 1950 matuta yalipoenea kwa haraka, wakati vikundi vya mwethya vilipochagua viongozi wao wenyewe, na watu wakachimba kwa mtindo waliouona unawafaa, yaani ule wa fanya juu. Shabaha ilikuwa ile ile ya mwaka 1938. Kilichobadilika ni kwamba wenye mashamba waliulizwa.

MAJI YATAKWENDA WAPI?

Mkulima wa Machakos hahitaji kufundishwa kwamba maji hutelemka. Amechimba mitaro ya kukinga maji tangu utoto wake. Lakini ni ajabu kwamba mtu huyo huyo, ambaye hawezi kukubali jirani yake aelekeze mtaro katika mahindi yake, hunyamaza kontrakta anaposawazisha uwanja mkubwa juu ya kilima, akaushindilia kwa kifusi, na kuacha maji yote yatoke kwa mlango mmoja.

Hesabu yake si ngumu. Paa lenye ukubwa wa mita 100 za mraba likipata milimita 10 za mvua hutoa lita 1,000 za maji. Mvua moja nzuri ya Novemba huweza kuleta milimita 40 au zaidi kwa siku. Maji ya paa yakikusanywa katika tangi ni mali ya zahanati. Yakiachwa pamoja na ya uwanja, hukata korongo katika shamba la chini kwa msimu mmoja tu. Kwa hiyo sharti uwepo mtaro wa kukinga maji juu ya jengo na mwingine chini yake, na mwisho wa mtaro uwe mahali palipokubaliwa na mwenye shamba, penye majani ya makarikari au nyasi nyingine ishikayo udongo. Jambo hili liandikwe katika mkataba wa ujenzi. Lisipoandikwa, kontrakta atasema kwamba halikuwa kazi yake, naye atakuwa amesema kweli.

Maji ya chini ya ardhi yanahitaji uangalifu zaidi, maana hayaonekani. Mito yetu mingi ni ya mchanga. Maji hukaa ndani ya mchanga baada ya mvua kwisha, na ndiyo sababu tangu miaka ya 1950 mabwawa ya mchanga yamejengwa katika kaunti hii. Mchanga huchuja matope vizuri, na maji yakitoka huonekana safi kama ya chupa. Lakini mchanga hauchuji kila kitu. Viini vidogo vya magonjwa na dawa zilizoyeyuka huweza kupita, na mwamba wenye nyufa huvipitisha upesi zaidi. Basi choo cha shimo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na shimo la taka za zahanati mita 50 au zaidi, upande wa chini wa kisima wala si juu yake. Tena chini ya shimo pasifikie maji; pabaki angalau mita 2 za udongo mkavu katikati, na kipimo hicho kichukuliwe wakati wa masika, si wakati wa kiangazi.

Tuchukue mfano. Vigingi vimekwisha pigwa, na mzee mwenye shamba la chini anamwendea Bwana Afya.

"Bwana Afya, nimeona vigingi vya shimo."

"Ndiyo, mzee. Ni shimo la kondo la nyuma. Tumepima mita 60 kutoka kisimani."

"Kutoka kisima hiki, ndiyo. Lakini mwezi wa Desemba maji hutoka pale penye mkuyu. Akina mama huchota pale mpaka Februari."

"Mzee, mkuyu huo haumo katika ramani yangu."

"Ramani ilichorwa Septemba, Bwana. Septemba hata mimi sina maji."

Kuhamisha kigingi siku hiyo hakugharimu hata senti moja. Kuhamisha shimo lililokwisha jengwa kwa mawe na saruji ni kazi ya kutafutiwa fedha mpya, na fedha mpya huchelewa kuliko mvua. Mzee wa namna hii ana elimu ambayo Bwana Afya hana, na mara nyingi mkewe anayo zaidi yake, kwa kuwa yeye ndiye abebaye mtungi. Kwa sababu hiyo baraza la kuchagua mahali lisiitwe saa ambayo akina mama wako mtoni au sokoni. Mkutano wa wanaume watupu hauwezi kujua chemchemi zote za msimu.

SINDANO

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika taka zote za hospitali, sehemu 85 kwa kila 100 ni taka za kawaida, kama karatasi na maganda ya ndizi. Sehemu 15 ndizo za hatari. Zikichanganywa ndoo moja, zote 100 huwa za hatari. Ndiyo maana katika vituo vya afya vya Kenya mtaona ndoo za rangi mbalimbali: nyeusi kwa taka za kawaida, ya manjano kwa zile zenye kuambukiza, na nyekundu kwa zile za hatari zaidi kama sehemu za mwili. Sindano huwekwa peke yake katika sanduku gumu, nalo hufungwa likijaa robo tatu, wala halishindiliwi. Mkienda kituoni tazameni sanduku hilo. Likiwa limefurika na sindano zimechomoza juu, mwambieni mwuguzi kwa adabu, maana huenda sanduku jipya halijaletwa, naye anahitaji msaada wenu wa kulidai.

Hatari yenyewe si hadithi. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotumiwa kwa mgonjwa wa homa ya ini ya namna B, hatari yake ya kuambukizwa huweza kufika 30 kwa 100. Kwa virusi vya UKIMWI ni ndogo zaidi, karibu 3 kwa 1,000, lakini kwa huyo mmoja aliyeambukizwa hesabu hiyo si faraja. Wanaochomwa si wauguzi peke yao. Ni mfagiaji asiyepewa glavu nene, ni kijana anayeokota chupa za plastiki za kuuza, ni mtoto aliyepata mpira wa kuchezea katika shimo lisilo na ua.

Taka hizi huongezeka kila huduma inapoongezeka. Mwezi wa Desemba 2018 Serikali ilianza majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne, nazo ni Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Machakos ilichaguliwa kwa sababu ya wingi wa watu wanaoumia, hasa katika ajali za barabarani. Ada zilipoondolewa wagonjwa waliongezeka, na kila mgonjwa zaidi ni glavu zaidi na bandeji zaidi. Kisha mnamo tarehe 3 Machi 2021 shehena ya kwanza ya chanjo ya Korona ilifika Nairobi, zaidi ya chanjo milioni moja, na kila chanjo ilikuwa na sindano yake. Yeyote apangaye kazi ya afya bila kupanga taka zake amepanga nusu ya kazi.

Hapa hatuna budi kujisema wenyewe kidogo. Wangapi kati yetu hudunga ng'ombe nyumbani, kisha tukaitupa sindano ile nyuma ya boma? Mguu wa mtoto haujui kama sindano ilitoka kwa daktari wa watu au wa ng'ombe.

MOSHI NA JIVU

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikichomwa kimekwisha. Sivyo. Taka za hospitali zina plastiki nyingi, na plastiki ikiungua kwa moto mdogo, kama ule wa shimoni uwashwao kwa mafuta ya taa, hutoa sumu iitwayo dioksini. Sumu hiyo hushuka juu ya majani, ng'ombe hula majani, nayo hukaa katika mafuta ya maziwa. Mfugaji aliye chini ya upepo wa shimo la namna hiyo anapata hasara asiyoiona. Tanuri la kuchomea taka likiwa la kufaa huwa na vyumba viwili na bomba refu, na moto wake haupungui digrii 800. Sharti lipate leseni ya NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Si lazima kila zahanati ndogo iwe na tanuri lake. Mara nyingi ni afadhali sanduku za sindano zichukuliwe kwa gari lenye leseni hadi hospitali kubwa, mradi gari hilo lije kweli na kwa siku zijulikanazo.

Pepo zetu mara nyingi hutoka mashariki, lakini kila kilima kina tabia yake, na wenyeji ndio wajuao jioni moshi huelekea wapi. Waulizwe kabla tanuri halijajengwa.

Na sasa neno la jivu. Jivu la jikoni ni mbolea. Hilo tunalijua, na wengi hulitia katika migomba na mboga. Jivu la tanuri la hospitali si mbolea hata kidogo. Huwa na madini yenye sumu, na mara nyingine sindano zisizoungua zimefichika ndani yake. Mlinzi asiligawe, na mkulima asiliombe.

MCHANGA, MASHIMO NA WAGENI

Hatari nyingine huja hata kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Nyumba hujengwa kwa mchanga, na mchanga hutoka mtoni. Lori zikizidi kuchota mahali pamoja, mto hubaki mwamba mtupu, na ghala la maji la kijiji limekwisha kwenda mjini au ukutani. Itakuwa jambo la kusikitisha zahanati ipatikane na kisima kikauke kwa mchanga wa zahanati hiyo hiyo. Jirani zetu wa Makueni walipitisha sheria yao ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mwulizeni kontrakta mchanga wake utatoka wapi na kwa idhini ya nani, na msikubali jibu la "tutaona."

Mashimo ya kuchimbia mawe na kifusi yafukiwe kabla kontrakta hajalipwa fedha za mwisho. Shimo lililojaa maji huzaa mbu, nalo limewahi kuua watoto wa watu katika sehemu nyingi. Kontrakta akija na vibarua kutoka mbali, pasemwe mapema watalala wapi na watatumia choo gani, na vijana wa mahali hapo wapewe kazi kwa zamu ya haki, si kwa udugu na mjumbe wa kamati.

ARDHI YA NANI?

Katika skimu za makazi, sehemu za shule, zahanati na soko ziliwekwa katika ramani tangu mwanzo. Lakini ploti ya umma isiyotumiwa kwa miaka mingi huvutia macho, na mara siku ya ujenzi ikifika kuna mtu amekwisha panda mbaazi na kujenga. Pengine alionyeshwa mahali hapo na mkubwa fulani. Pengine ni maskini asiye na pengine pa kwenda. Kumfukuza kwa tingatinga usiku si njia. Yapasa mazao yake yahesabiwe, asikilizwe, na apewe muda wa kuvuna.

Wapo pia wakulima wema ambao hutoa ekari moja bure. Tunawasifu. Lakini zawadi ya mdomo hufa na mwenyewe. Baba akishafariki, wanawe huja na hati yenye jina lake, na zahanati hufungwa kwa kesi. Basi zawadi ya ardhi ikubaliwe na mke na watoto wakubwa mbele ya chifu na mashahidi, ipimwe, na hati ibadilishwe kabla ya jiwe la kwanza. Na mtoaji aulizwe faraghani kama anatoa kwa hiari. Kukataa mbele ya baraza zima linalopiga makofi ni jambo gumu.

HAKI YENU YA KUSEMA

Haya yote si fadhila mnayoomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 43 inampa haki ya huduma za afya. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za taka zinamtaka mwenye taka azitunze mpaka mwisho wake. Tangu mwaka 2013 zahanati ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo mahali pa kwanza pa kupeleka neno ni kamati ya kituo na afisa wa afya wa kaunti ndogo, kisha afisa wa NEMA wa kaunti.

Kazi ikiwa inalipiwa na Benki ya Dunia, kuna masharti zaidi. Benki hiyo ilianza kutumia masharti mapya ya mazingira na jamii mwezi wa Oktoba 2018, na mkopo wa dola milioni 50 uliopewa Kenya mwezi wa Aprili 2020 kwa ajili ya Korona ulikuwa chini yake. Masharti hayo yanataka watu waelezwe kazi mapema kwa lugha waijuayo, na pawepo mahali pa kupeleka malalamiko bila kuogopa. Basi ulizeni daftari la malalamiko liko wapi. Andikeni tarehe, andikeni mliloliona, na mbaki na nakala. Barua fupi yenye vipimo, kama vile "shimo liko hatua 20 kutoka kisimani," husomwa kuliko barua ndefu ya hasira.

Limebaki jambo moja ambalo husahauliwa karibu kila mahali, nalo ni shimo lililojaa. Shimo la sindano huenda likatumika miaka kadhaa, kisha likajaa, na mwuguzi aliyelijua akahamishwa. Siku ya kulifunga, juu yake pamiminwe saruji, ukuta mdogo ujengwe kulizunguka, na mahali pake patiwe alama katika ramani ya ploti iliyo ofisini kwa chifu na katika daftari la kituo. Pasichimbwe tena hapo kwa ajili ya choo, kisima wala nguzo ya ua, na asipande mtu mhogo.